Betri Ikichoka Mlimani, Nani Alipe?

MKOPESHAJI: Pikipiki ya umeme nitaileta Wampembe, na nitaitoa kwa mkataba kama ninavyotoa za petroli: unalipa kila wiki, mwaka mmoja na nusu ukiisha chombo ni chako. Sharti moja silegezi. Betri usiichaji kupita asilimia 80 wala usiishushe chini ya 20. Ikichakaa kabla ya wakati, na kumbukumbu zake zikaonyesha ulikuwa unaijaza hadi juu kila siku, gharama ni yako. Sehemu kubwa ya bei ya pikipiki hizi ni betri. Siwezi kumkabidhi mtu kitu cha thamani hiyo nikamwambia afanye apendavyo.

DEREVA: Bosi, sharti hilo kaliandika mtu ambaye hajawahi kupakia abiria Wampembe akampandisha Kitosi. Njia ni zaidi ya kilomita 60, na kabla hujafika uwandani kuna mlima mbele yako. Ukinifungia 20 za juu na 20 za chini, umeniachia 60. Nimekopa betri nzima, nalipia betri nzima, natumia nusu na kidogo. Kwenye petroli hakuna aliyeniambia nisijaze tangi.

FUNDI: Tupige hesabu kwa uniti, hizihizi za LUKU, kila mtu anazijua. Betri moja ya pikipiki ya umeme ya kawaida hubeba uniti kama 3. Ziwa Tanganyika liko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na Sumbawanga mjini, kule uwandani, ni takriban 1,800. Kwa hiyo kutoka Wampembe hadi juu, mlima wenyewe ni kama mita 1,000. Chukua pikipiki, dereva, abiria na mzigo kidogo, jumla kilo 300. Kuinyanyua hiyo mita 1,000 kunataka uniti 0.8 na ushei, na ukihesabu kinachopotelea kwenye mota na nyaya unafika uniti 1 kamili. Hiyo ni kwa kupanda tu, bado kilomita za kawaida. Sasa asilimia 60 ya uniti 3 ni 1.8. Mlima ukichukua 1, dereva amebaki na 0.8.

DEREVA: Umesikia, bosi?

FUNDI: Subiri, mdogo wangu, sijamaliza, na kinachofuata hakikufurahishi wewe. Kwenye njia tambarare uniti 1 humpeleka bodaboda kilomita 25 hadi 30. Hata betri mpya, ukiijaza pomoni, ukitoa uniti ya mlima unabaki na kilomita 50 hadi 60 za barabara nzuri. Ile si barabara nzuri. Kwa betri moja safari ya Kitosi usiianze. Unahitaji mbili, au mahali pa kuchaji njiani. Kwa hiyo ugomvi wa 80 na 100 tuutazame kama ugomvi wa betri mbili.

MKOPESHAJI: Na betri mbili ni mkopo mkubwa zaidi, kwa hiyo ndiyo sababu zaidi ya kuzitunza.

MWANDISHI: Niingilie hapa. Hii habari ya 80 na 20 kila mtu anaisema, kuanzia wauzaji wa simu. Ina ukweli gani, na inatoka wapi?

FUNDI: Ina ukweli, ila imekatwa mkia. Ndani ya betri ya lithiamu umeme husafiri kama chembe za lithiamu kutoka upande mmoja kwenda mwingine na kurudi. Sehemu ndogo ya lithiamu hiyo hunaswa njiani, ikawa utando juu ya upande wa grafiti, na ikishanaswa hairudi kazini. Hapo ndipo kilomita zinapopotea. Utando hukua betri ikiwa na joto, na hukua zaidi ikikaa imejaa. Kwa makadirio ya jumla, joto likiongezeka kwa nyuzi 10, kasi ya kuchakaa hukaribia kuwa mara mbili. Sasa sikilizeni vizuri: ubaya si kufika 100. Ubaya ni kulala 100, tena kwenye joto. Betri iliyojazwa saa 10 alfajiri ikaondoka saa 11 haijaumia sana. Iliyojazwa saa 2 usiku, ikakaa pomoni mpaka asubuhi ndani ya kibanda cha mabati, hiyo inazeeka imesimama.

MKOPESHAJI: Basi achaji alfajiri. Sharti nimelilegeza.

DEREVA: Alfajiri umeme ukiwa umekatika? Na hata ukiwepo, bosi, hujauliza kwa nini nalala na tangi limejaa. Simu ya usiku hainiambii itaingia saa ngapi. Mama mjamzito amepewa rufaa kwenda Namanyere, gari halipo, wananipigia mimi. Nikiwa na 80 kwenye betri iliyochoka, nimwambie mumewe asubiri kwa saa mbili nijaze? Hapa kijiweni tunalala tayari. Sasa mnaniambia kuwa tayari ndiko kunakoua betri. Sawa, nimeelewa. Lakini utayari huo si wangu peke yangu, ni wa kijiji kizima. Mbona gharama yake imeandikwa kwenye mkataba wangu?

MFANYABIASHARA WA DAGAA: Mwanangu anasema kweli. Mimi nina mtumbwi unaovua kwa taa, na betri nazijua kwa kuzinunua. Betri zetu za risasi tulifundishwa jambo moja: jaza, usiilaze tupu. Serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, betri niliyoiweka ndani bila chaji haikuamka tena. Niliyoijaza ikapona. Leo mnasema kujaza ni kosa. Mtu wa kawaida ashike lipi?

FUNDI: Ashike yote mawili, mama, kila moja mahali pake. Betri ya risasi ikikaa tupu inaota chumvi ngumu kwenye sahani zake na haishiki chaji tena, kwa hiyo mlifundishwa sawasawa. Wale waliotumia simu na redio za zamani zenye betri za nikeli na kadimiamu waliambiwa waziache ziishe kabisa ndiyo wachaji. Nalo lilikuwa na sababu yake wakati ule. Lithiamu inachukia ncha zote mbili. Ingekuwa ya lithiamu, kwa miezi ile 3 ya kufungwa ziwa ungeiacha kwenye nusu, mahali penye ubaridi. Tatizo letu ni kwamba mafundisho ya betri tatu tofauti yamechanganyika kwenye kichwa kimoja, na muuzaji anayekuja na kontena hana muda wa kuyachambua.

MKOPESHAJI: Mimi muda ninao. Nitafanya semina.

DEREVA: Semina haitaongeza uniti.

MFANYABIASHARA WA DAGAA: Wala haitanirudishia mzigo wangu. Zamani dagaa wetu walipanda meli ya Liemba, wakaenda Kasanga au Kigoma. Meli iliposimama kwenda matengenezo, barabara ndiyo ikabaki tegemeo. Pikipiki ikizima katikati ya mlima, mvua inanyesha, dagaa waliokauka wanarudi kuwa maji. Hapo sitauliza dereva alichaji asilimia ngapi. Nitauliza nani ananilipa.

FUNDI: Mama amegusa kitu ambacho hesabu yangu ya kwanza haikukifikia. Tuseme betri imefikia asilimia 80 ya ilivyokuwa mpya. Watu husema imepungua moja ya tano, si haba. Kwenye barabara tambarare ni kweli. Mlimani si kweli. Uniti 3 zimekuwa 2.4. Mlima haukupungua, bado unataka 1. Ilipokuwa mpya ilibakiwa na uniti 2 baada ya kupanda. Sasa inabakiwa na 1.4. Dereva amepoteza asilimia 30 ya njia yake, si 20. Ikifika 70, inabaki 1.1 tu: amepoteza karibu nusu. Dar es Salaam bajaji ya umeme itamtumikia mtu kwa betri ya asilimia 70 na asilalamike. Hapa betri hiyohiyo imekufa kibiashara.

Na kuna la pili. Betri ikizeeka haipungukiwi ujazo tu, hata kutoa nguvu kwa mkupuo inakuwa kazi. Kwenye mwinuko mkali mota inavuta sana, umeme unashuka ghafla, kompyuta ya betri inaogopa na kukata. Kioo kinaonyesha 25, pikipiki imezima. Dereva anaitwa mzembe, na kioo kipo upande wa wanaomlaumu.

DEREVA: Hilo andika, mwandishi. Kioo kinasema 25.

MKOPESHAJI: Nami niandikiwe langu. Ninyi mnaongea kana kwamba dereva hana mkono katika kuchakaa. Nimefanya biashara ya pikipiki za petroli, najua. Mtu anakwenda bila oili mpaka injini inagonga, halafu anasema alipewa mbovu. Kwenye umeme ndiyo kabisa: anashuka mlimani, au amepanda, betri inachoma mkono, anaichomeka papo hapo. Anaiacha juani. Anaishusha mpaka sifuri kwa kuwa kuna abiria mmoja wa mwisho. Nikisema gharama zote ni zangu, nimewaambia waiharibu kwa raha zao.

FUNDI: Kuichaji ikiwa imetoka kupanda na bado ina moto, hapo uko sahihi kabisa. Iache kivulini ipoe kwanza, hata nusu saa inasaidia. Na kuna mahali pengine sharti lako la 80 lina akili kuliko unavyojua. Pikipiki zile zinazorudisha umeme wakati wa kushuka haziwezi kuurudisha kwenye betri iliyojaa. Ukichaji juu uwandani mpaka 100 na mteremko uko karibu, unaanza kushuka huku nguvu yote ya mlima ikiishia kwenye breki, zinapata moto bure. Ukitoka na 80, mlima wenyewe unakujazia kiasi. Kupanda, jaza. Kushuka, acha nafasi.

DEREVA: Hilo nalikubali. Nitaichaji 80 kule juu, na ikitoka kupanda nitaiacha ipoe. Hizo ni tabia, na tabia naweza kujifunza. Lakini niambie, fundi, nikifuata yote hayo, betri haitachoka?

FUNDI: Itachoka.

DEREVA: Kwa nini?

FUNDI: Kwa sababu kazi yako ni nyingi na betri yako ni ndogo. Ushauri mwingi unaotembea duniani uliandikwa kwa magari. Gari linalokwenda kilomita 400 kwa chaji moja, mwenyewe akilitumia kilomita 50 kwa siku, linamaliza mzunguko mmoja kamili kila baada ya siku 8. Kwa mwaka ni mizunguko 46 hivi. Kampuni ya Geotab, inayofuatilia magari barabarani, ilitoa hesabu mwaka 2019 kwamba magari ya umeme hupoteza wastani wa asilimia 2.3 ya uwezo kwa mwaka. Mwaka 2024 ikasema 1.8. Watu wanazisoma namba hizo wanafurahi. Wewe unamaliza mzunguko mmoja kila siku ya kazi, mwaka mmoja unapita 300. Mkataba wa mwaka mmoja na nusu unafika karibu 500. Namba za magari hazikuhusu.

DEREVA: Kwa hiyo siku ninapomaliza kulipa, chombo kinakuwa changu na betri iko njiani kwenda. Nimenunua nini?

FUNDI: Inategemea betri ya aina gani, na hapo ndipo ninapomgeukia mkopeshaji. Zipo za nikeli, manganizi na kobalti. Ni nyepesi na zinabeba sana, ila mizunguko yake huwa michache zaidi. Zipo za chuma na fosfati. Ni nzito kidogo, hazina kobalti ya Kolwezi kule Kongo wala nikeli ya aina ile tunayoitarajia Kabanga kule Ngara, lakini zinavumilia mizunguko 2,000 na zaidi kabla hazijashuka sana. Tena hizo za fosfati zinataka zijazwe mpaka 100 mara mojamoja, vinginevyo kompyuta yake inapoteza hesabu na kioo kinadanganya. Sharti lako la 80 kila siku lingeziharibia vipimo. Bosi, unaleta zipi?

MKOPESHAJI: Zile nitakazozipata kwa bei ambayo dereva wa Wampembe ataweza kuilipa.

FUNDI: Hilo si jibu.

MKOPESHAJI: Ni jibu la mtu anayelipa kwanza.

MWANDISHI: Na mimi naona hilo ndilo fundo. Tumetumia muda mrefu kwenye mkono wa dereva unaochomeka chaja, ilhali uamuzi mzito zaidi kuhusu uhai wa betri ulifanywa kabla hajaigusa: aina gani, ukubwa gani, na kwa kipimo cha barabara ipi. Sijui kama ni haki kumwandikia adhabu mtu wa mwisho kwenye mnyororo huo.

MKOPESHAJI: Haki ipi? Nionyesheni mahali ambapo muuzaji amebeba uchovu wa betri.

FUNDI: Marekani, na suala lilikuwa joto, kama la hapa ziwani. Nissan ilianza kuuza gari la Leaf mwishoni mwa 2010. Betri yake haikuwa na mfumo wa kuipoza, ilitegemea hewa tu. Kufikia 2012 wenye magari hayo Phoenix, Arizona, kwenye jua la jangwani, wakaona vipau vya betri kwenye dashibodi vinazimika kimoja kimoja wakati gari bado changa. Wakapiga kelele. Kampuni ikaishia kutoa dhamana ya uwezo wa betri: ndani ya miaka 5 au maili 60,000, vipau vikishuka chini ya 9 kati ya 12, wao wanatengeneza au wanabadilisha. Hawakumuuliza mtu wa Phoenix kwa nini anaishi Phoenix.

DEREVA: Na mimi nisiulizwe kwa nini naishi chini ya mlima.

MKOPESHAJI: Nissan ni Nissan. Mimi nina mkopo benki.

MFANYABIASHARA WA DAGAA: Basi mwanangu asiimiliki hiyo betri. Nasikia Kigali hawamiliki.

FUNDI: Kweli, mama. Ampersand walianza Kigali mwaka 2019: pikipiki ni ya dereva, betri ni ya kampuni. Ikiisha unafika kituoni, unaitoa, unapewa iliyojaa, unalipia umeme ulioutumia. Kuchaji kwa moto, kulala 100, yote ni shauri la kampuni, na uchovu ni wake. Kwa hiyo kampuni yenyewe inapata sababu ya kununua betri nzuri. Nairobi na Kampala nako mtindo huo umeshika.

MKOPESHAJI: Kigali, Nairobi, Kampala. Miji. Kila kona kuna bodaboda, kituo kimoja kinabadilisha betri usiku na mchana. Wampembe nitaweka kituo, na kingine katikati ya njia, na kingine Kitosi, betri za akiba zimekaa rafuni zinasubiri madereva wangapi? Na zinasubiri zimejaa, fundi. Umesema mwenyewe kulala 100 ni ubaya. Umenihamishia mimi uzee wa kusubiri.

DEREVA: Ndiyo. Nimeubeba mimi peke yangu tangu tuanze kuongea.

FUNDI: Na umeme je? Msisahau kuwa Rukwa kwa miaka mingi tumenunua umeme Zambia, unaingia kupitia Mbala. Ukame wa 2024 ulipolishusha bwawa la Kariba, Wazambia wakaingia kwenye mgao mkali. Kituo cha kubadilisha betri chenye umeme wa kubahatisha ni kabati tu. Ukitaka kukiweka hapa, kiwe na sola yake. Jua la ziwani linatosha, na kituo kinaweza kupunguza makali: betri nyingi zikae 60, chache tu ndizo zikae zimejaa kwa ajili ya simu za usiku.

MFANYABIASHARA WA DAGAA: Hizo chache nani anazilipia?

DEREVA: Hapo sasa.

MKOPESHAJI: Halmashauri.

MFANYABIASHARA WA DAGAA: Halmashauri inachukua ushuru wa dagaa wangu kila gunia. Ikitaka kunirudishia kwa njia hiyo, sitakataa. Lakini mkataba wako hauiandiki halmashauri. Unamwandika huyu.

MKOPESHAJI: Nitabadilisha nini basi? Semeni, nisikie.

FUNDI: Ondoa sharti la asilimia. Weka kipimo. Kila miezi 6 betri inakuja kwangu au kwa fundi mwingine mnayemkubali wote. Tunaijaza, tunaimaliza polepole kwenye mashine, tunahesabu uniti zilizotoka. Kioo hatukiulizi. Ikiwa chini ya 80 kabla mkataba haujaisha, malipo ya wiki yanashuka kulingana na kilichopotea. Na kilichopotea kipimwe kwa mlima: nimewaonyesha kuwa 80 ya betri ni 70 ya njia.

MKOPESHAJI: Na akiwa ameiharibu kwa makusudi?

FUNDI: Kompyuta ya betri nyingi huweka kumbukumbu za joto na za kushuka hadi sifuri. Zile zilizochajiwa zikiwa moto zitaonekana. Hizo mdai. Kulala imejaa usimdai.

DEREVA: Hapo tumekaribiana. Ila si miezi 6. Mizunguko yangu 300 kwa mwaka, nusu mwaka ni 150. Nataka miezi 3, na siku ya kwanza kabisa ipimwe kabla sijaweka saini, nijue kama hiyo 100 ni 100 kweli.

MKOPESHAJI: Miezi 3 nani analipa nauli ya betri mpaka Sumbawanga kwa fundi?

FUNDI: Mashine ya kupimia ni ndogo, inabebeka. Naweza kushuka nayo.

MKOPESHAJI: Kwa gharama ya nani?

DEREVA: Yako mwaka wa kwanza. Baadaye tugawane.

MKOPESHAJI: Nitafikiria ya kwanza. Ya kulala imejaa bila kudaiwa, siwezi kuiweka kwenye karatasi bila kikomo.

DEREVA: Basi andika kikomo. Betri moja kati ya mbili, kila usiku. Chini ya hapo sisaini, nabaki na petroli yangu ya chupa.